Kumfundisha Mbwa ni Kumlinda Jirani

Matini ya mazungumzo kuhusu mafunzo ya utiifu kwa mbwa, yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi.



Kwenye malango mengi ya kaunti hii kuna kibati kilichoandikwa maneno mawili kwa rangi nyekundu: "Mbwa Kali." Maneno hayo huandikwa ili mwizi ayasome aogope. Lakini anayeingia bomani mchana kweupe kwa kawaida si mwizi. Ni muuza maziwa, ni msomaji wa mita, ni mhudumu wa bodaboda aliyeleta mzigo, ni mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mara nyingi ni mtoto wa jirani anayefuata mpira uliovuka ua. Mtoto huyo ana miaka mitano. Kibati hakimsaidii, kwa sababu hajajua kusoma.

Mazungumzo haya yanahusu mtoto huyo pamoja na mbwa aliye ndani ya ua. Yanaeleza jinsi mbwa anavyojifunza, mambo ambayo kila familia inaweza kumfundisha bila gharama kubwa, wakati unaofaa kumtafuta mkufunzi wa kulipwa, na maswali ya kumuuliza mkufunzi huyo kabla ya kumpa pesa na kumkabidhi mbwa.

Ukali si ulinzi

Kuna imani kwamba mlinzi bora ni mbwa anayemrukia kila mtu. Kwa sababu hiyo mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa, hunyimwa kuona watu, huchokozwa kwa fimbo ili awe na hasira, kisha hufunguliwa usiku. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kweli. Tatizo ni kwamba ukali wake haubagui. Hana njia ya kumtofautisha mwizi na shangazi aliyefika kwa basi la usiku. Hajawahi kuonyeshwa mgeni mwema ni yupi.

Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kusikia na kubweka. Masikio yake hunasa sauti ambazo mtu hazisikii, na pua yake hujua mgeni kabla hajaonekana. Mwizi anayebwekewa amekwisha kujulikana, na wenye nyumba wameamka. Kuuma si lazima ili kazi hiyo ifanyike. Mbwa anayebweka mgeni anapofika, kisha akanyamaza mwenyewe anapomwambia "basi", ana faida zaidi kuliko mbwa anayebweka usiku kucha bila sababu hadi majirani wakaacha kumsikiliza.

Gharama ya mbwa asiyefundishwa huja siku moja, tena yote kwa pamoja. Kuna matibabu ya aliyeumwa, chanjo za kuzuia kichaa cha mbwa, siku za kazi zilizopotea, na pengine kesi ya fidia mahakamani. Kuna pia ujirani uliovunjika, ambao hauuzwi dukani. Na mara nyingi mbwa mwenyewe hupoteza maisha kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha kuliepuka.

Jinsi mbwa anavyojifunza

Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walianza kudondokwa na mate kabla ya chakula kufika. Ishara iliyotangulia chakula ilitosha. Mama yeyote anayemlisha mbwa ameona jambo hilo jikoni: sufuria ikigongwa tu, mbwa yuko mlangoni. Mbwa huunganisha mambo yanayofuatana. Lango likigongwa na baada yake kukawa na kelele na kipigo, mbwa hujifunza kwamba lango kugongwa ni hatari. Lango likigongwa na baada yake mgeni akasalimiwa kwa utulivu na mbwa akapewa kipande cha chakula, hujifunza kinyume chake.

Jambo la pili ni matokeo. Tendo linalomletea mbwa faida hulirudia, na lisilomletea kitu huliacha polepole. Mbwa anayewarukia watu na kila mara akapapaswa au hata kusukumwa, amepata alichotaka, yaani kushughulikiwa. Watu wote wa nyumbani wakimgeuzia mgongo anaporuka na kumsalimu anapokuwa na miguu minne chini, kuruka kutapungua.

Jambo la tatu ni wakati. Zawadi au sifa inapaswa kufika papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo. Ndiyo maana kumchapa mbwa jioni kwa kuku aliyemuua asubuhi hakumfundishi lolote juu ya kuku. Anachojifunza ni kwamba mwenye nyumba akirudi kutoka kazini ni mtu wa kuogopwa.

Jambo la nne ni neno moja kwa jambo moja. Mbwa hajui Kiswahili, Kiingereza wala lugha ya nyumbani. Anajua sauti aliyoizoea. "Keti" itafanya kazi sawasawa na neno la lugha nyingine yoyote, mradi lisibadilike. Shida huja pale baba anaposema "keti", mama anasema "kaa chini", watoto wanatumia Kiingereza, na mlinzi wa usiku ana neno lake. Kabla ya somo la kwanza, familia ikubaliane juu ya maneno na kuyaandika kwenye karatasi ukutani. Msaidizi wa nyumbani na mlinzi wafundishwe pia, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na mbwa.

Ushahidi kwamba njia hii inafaa hauko mbali. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya hutumia mbwa wa kunusa kutafuta pembe za ndovu na bidhaa nyingine haramu za wanyamapori katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa. Kwa kawaida mbwa wa kunusa hufundishwa kwa mchezo: akipata harufu aliyotumwa kuitafuta, hupewa mpira au kitu chake cha kuchezea. Kwake, kazi nzima ni njia ya kuufikia mpira huo.

Wiki za mwanzo

Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Mwaka 1965, watafiti Wamarekani John Paul Scott na John Fuller walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kuchunguza watoto wa mbwa. Kazi hiyo ilionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, kuanzia kama wiki ya 3 hadi kama wiki ya 12 au 14 ya maisha, ambapo mtoto wa mbwa huzoea watu na mambo ya dunia kwa urahisi. Asichokiona kwa amani wakati huo, anaweza kukiogopa maishani. Na woga ni mzizi mkubwa wa kuuma.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Ndugu zake humfundisha kitu ambacho binadamu hawezi kumfundisha vizuri, yaani kupima nguvu ya meno yake. Akiwauma kwa nguvu wakati wa mchezo, wao hulia na mchezo hukoma.

Baada ya kufika nyumbani, aonyeshwe dunia kidogo kidogo: mzee mwenye bakora, mama aliyevaa buibui, mtu mwenye mwavuli, watoto waliovaa sare za shule, pikipiki, mkokoteni, mvua inayopiga mabati, kuku na mbuzi wa boma. Kila kinapoonekana kitu kipya, apewe kipande kidogo cha chakula na asilazimishwe kukisogelea. Kwa kuwa chanjo zake za mwanzo hazijakamilika, asiachwe kuzurura wala kuwekwa mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Anaweza kubebwa mikononi hadi dukani au kituo cha matatu na kurudi. Daktari wa mifugo ndiye atakayepanga tarehe za chanjo na dawa za minyoo.

Mbwa mkubwa naye hujifunza, ijapokuwa huhitaji subira zaidi. Na si kweli kwamba mbwa wa kienyeji hana akili ya kufundishwa. Mbwa anayejua saa ya mwenye bucha kufungua, njia ya mkato ya kwenda shuleni kungojea mabaki ya chakula, na ni nani mtaani hurusha mawe, amekwisha kuonyesha uwezo wake wa kujifunza.

Masomo matano ya nyumbani

Somo lisizidi dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla mbwa hajala. Zawadi si lazima inunuliwe. Vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, omena wachache au ukoko wa ugali vinatosha, mradi kila kipande kiwe kidogo kama punje ya hindi.

La kwanza ni jina. Jina liitwe mara moja kwa sauti ya kawaida. Mbwa akigeuka kutazama, apewe zawadi. Jina lisitumiwe kamwe kwa kugomba. Mbwa anayeitwa kwa jina ili achapwe atajifunza kukimbia kila anapolisikia.

La pili ni "keti". Chakula kishikwe juu kidogo ya pua yake na kusogezwa nyuma kuelekea kichwani. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka. Yanapogusa ardhi, apewe. Hakuna haja ya kumkandamiza mgongo. Neno "keti" litajwe anapoanza kuelewa mwendo huo. Kisha alitumie kila siku: aketi kabla ya kuwekewa sahani, aketi kabla ya lango kufunguliwa.

La tatu ni "ngoja". Akiwa ameketi, mwenye mbwa asimame hatua moja kando, ahesabu sekunde 2, arudi na kumpa zawadi. Sekunde ziongezwe kidogo kidogo, na hatua vivyo hivyo. Akiinuka mapema, hakuna kosa la kuadhibu. Ina maana ameongezewa upesi mno, basi arudishwe pale alipoweza. Somo hili ndilo litakalomzuia kutoka mbio gari linapoingia bomani.

La nne ni "njoo". Hili ndilo somo la kuokoa maisha karibu na barabara. Lianzie ndani ya ua, watu wawili wakimwita kwa zamu, na kila akifika ashangiliwe na kupewa. Asiitwe ili afungwe au aogeshwe mpaka awe amelizoea neno hilo kama habari njema.

La tano ni "acha". Kipande cha chakula kifungwe ndani ya kiganja. Mbwa atanusa, atalamba, atakwaruza. Dakika atakapojiondoa, apewe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Baadaye chakula kiwekwe chini na kufunikwa kwa mguu, kisha kiachwe wazi. Hapa kuna hoja ambayo wananchi wengi huitoa: mbwa aliyefundishwa kwa chakula si atahongwa na mwizi kwa nyama yenye sumu? Ukweli ni kwamba mbwa asiyefundishwa kabisa ndiye atakayeila nyama hiyo upesi zaidi. Mbwa aliyezoea kula kutoka kwenye sahani yake tu, na anayejua "acha", ana nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo, somo pekee si kinga kamili. Mbwa ashibishwe jioni, na ua ukaguliwe asubuhi kabla hajafunguliwa au watoto hawajatoka.

Pamoja na masomo hayo kuna kutembea kwa kamba. Kamba ikikazwa na mbwa anayevuta, mwenye mbwa asimame kama mti. Ikilegea, waendelee. Mbwa hugundua kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Fimbo, mnyororo na mngurumo

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mbwa wa polisi na wa jeshi barani Ulaya walifundishwa kwa ukali mwingi, na desturi hiyo ikasambaa hadi majumbani. Fimbo huweza kusimamisha tendo kwa muda, lakini haimwambii mbwa afanye nini badala yake. Mbaya zaidi, huondoa ishara bila kuondoa woga. Mbwa anayenguruma anatoa onyo kwamba hataki kukaribiwa. Akichapwa kwa kunguruma, atajifunza kunyamaza. Siku nyingine, mtoto akimkumbatia, atauma bila kunguruma, na watu watasema ameuma ghafla.

Kabla ya mngurumo huwa kuna ishara nyingine: mwili kukakamaa, kugeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, mkia kufichwa katikati ya miguu. Mkia unaotikisika si lazima uwe wa furaha. Watoto wafundishwe mambo manne: wasimguse mbwa anapokula, anapolala, anaponyonyesha au anapofungwa; wasimkumbatie mbwa yeyote shingoni; wasimkimbie mbwa asiyejulikana bali wasimame wima, mikono ubavuni, wakitazama chini; na wakiangushwa wajikunje na kufunika shingo na masikio. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama mbwa huyo ni wa nyumbani na hajawahi kumuuma mtu.

Mnyororo wa kutwa nao hauna budi kupunguzwa. Panapowezekana, mbwa apewe sehemu yenye ua na kivuli. Pasipowezekana, afungwe mahali penye maji na kivuli kwa muda mfupi, na atembezwe asubuhi na jioni. Matembezi ya nusu saa humtuliza mbwa kuliko makaripio ya siku nzima.

Kumtafuta mkufunzi

Kuna hali zinazozidi uwezo wa familia. Mbwa ameshauma au amejaribu kuuma. Mbwa hulinda sahani yake dhidi ya watoto. Mbwa hupigana na wenzake hadi damu. Au mbwa ni mkubwa mno na mwenye nguvu kuliko anayemshika. Hatua ya kwanza ni daktari wa mifugo. Mbwa mwenye jino bovu, sikio lenye usaha au maumivu ya nyonga anaweza kuwa mkali kwa sababu anaumwa, na hakuna somo litakaloponya jino.

Daktari akisema mbwa ni mzima, mkufunzi atafutwe. Huduma zake huja kwa namna tatu. Kuna mkufunzi anayekuja nyumbani, ambaye humwona mbwa katika mazingira yale yale ya tatizo. Kuna madarasa ya pamoja, ambako mbwa kadhaa hufundishwa na wenye mbwa wakiwepo, na faida yake ni kumzoesha mbwa kutulia mbele ya wengine. Na kuna kumpeleka mbwa akakae kwa mkufunzi kwa wiki kadhaa. Hii ya tatu huvutia wenye shughuli nyingi, lakini ina kasoro. Mbwa huweza kurudi akimtii mkufunzi na kutomtii mtu mwingine yeyote, kwa kuwa watu wa nyumbani hawakujifunza chochote. Tena mwenye mbwa haoni yanayotendeka kule.

Kibao cha barabarani au video ya kuvutia si ushahidi wa ujuzi. Kabla ya kulipa, mwenye mbwa aulize maswali yafuatayo. Mbwa akifanya vizuri anapewa nini, na akikosea anafanywa nini? Jibu liwe la wazi. Anayesema "hiyo ni siri ya kazi" aachwe. Je, mwenye mbwa anaruhusiwa kutazama somo lolote, hata bila kutoa taarifa? Je, familia nzima itafundishwa? Kuna wateja wa zamani wanaoweza kuulizwa? Mbwa wanaokaa hapo hulala wapi, hula nini, na je, kila mmoja lazima awe na cheti cha chanjo? Mbwa akiumia au akifa akiwa huko, nani atawajibika? Gharama ni ya masomo mangapi, na risiti itatolewa?

Mkufunzi anayeahidi kwamba mbwa hatauma tena kamwe, au kwamba tabia ya miaka 3 itaisha kwa siku 3, anatoa ahadi ambayo hawezi kuitimiza. Mkufunzi mzuri huuliza maswali mengi kuliko anayoulizwa. Huanza kwa kumtazama mbwa, husema wazi kinachowezekana na kisichowezekana, huwapa wenye nyumba mazoezi ya kufanya wenyewe, na hukubali anaposhindwa. Mkufunzi si daktari, kwa hiyo asidunge sindano wala kutoa dawa. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa mifugo waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao.

Mbwa akirudi kutoka kwa mkufunzi akiwa amekonda, ana vidonda shingoni, hujikunja mkono ukiinuliwa, au hukojoa akiitwa, hayo si matunda ya utiifu. Apelekwe kwa daktari, picha zipigwe, na ripoti itolewe kwa ofisi ya mifugo au polisi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamlinda mbwa kama inavyomlinda punda na ng'ombe.

Neno maalumu liende kwa wenye maduka, shule na makanisa wanaotaka mbwa wa kushambulia. Mafunzo ya ulinzi hujengwa juu ya utiifu, wala hayaji kabla yake. Mbwa anayejua kushika na hajui kuachia anapoamriwa ni kama panga mkononi mwa mlevi. Mbwa wa namna hiyo anahitaji mshikaji aliyefundishwa pamoja naye, zamu zenye mapumziko, na maji. Mshikaji akibadilishwa, mpya afundishwe pamoja na mbwa yule kabla ya kupewa kamba. Kwa nyumba yenye watoto, mbwa anayejua kubweka na kusikia "basi" anatosha.

Sheria na chanjo

Katiba ya mwaka 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo mwenye mbwa anapaswa kufika ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo kuuliza utaratibu wa leseni. Kumiliki mbwa ni kumwajibikia. Mbwa akimdhuru mtu, mwenyewe anaweza kudaiwa fidia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo kiungo cha mwisho. Mbwa mtiifu asiyechanjwa bado ni hatari. Ugonjwa huu umejulikana nchini tangu mwaka 1912, ulipothibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani. Zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ila ukizuiwa mapema, hauui. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030.

Hapa ndipo mafunzo na chanjo hukutana. Wengi wasiopeleka mbwa kwenye chanjo hutoa sababu moja: hakuna anayeweza kumshika. Mbwa aliyezoea kamba, anayejua "keti" na "ngoja", na aliyezoeshwa kuguswa masikio na miguu tangu utotoni, huchanjwa kwa dakika moja. Asiyefundishwa hubaki nyumbani amefungwa, bila chanjo, mwaka baada ya mwaka. Yule yule anayehofiwa zaidi ndiye asiye na kinga.

Mtu akiumwa

Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisipakwe mafuta, pilipili, majivu wala dawa ya kienyeji. Aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu, na amalize chanjo zote atakazopangiwa. Wengi huacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuwa kidonda kimepona, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa bila mtu kuhatarisha maisha, afungiwe, na afisa wa mifugo aitwe kumchunguza kwa siku 10. Kama anatokwa na povu, anatembea kama mlevi au anauma hata mawe na miti, asikaribiwe na mtu. Chifu, mzee wa mtaa na ofisi ya mifugo wajulishwe, na watoto waingizwe ndani.

Mabibi na mabwana, hakuna katika haya lililo kubwa kuliko uwezo wa boma la kawaida. Yanahitajika maneno matano yaliyokubaliwa na nyumba nzima, dakika 5 kabla ya chakula cha jioni, kamba, na kadi ya chanjo iliyohifadhiwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Mwenye mbwa anayetaka ushauri, leseni au tarehe ya chanjo afike ofisi ya mifugo iliyo karibu naye. Na kama mbwa wake hawezi kuletwa kwa sababu hashikiki, asikae kimya kwa aibu. Aseme hivyo hivyo, kwa maana huyo ndiye mbwa ambaye maafisa wangependa kumsikia kwanza.